Ubeti wa Nyumba ya Bi Muamina

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nikiwa na umri unaokaribia huu wako wa leo, nilipomweka mtu kwenye kiti cha mtu mwingine, nikajiambia kwamba kiti ni kiti tu. Wakati ule sikuona kama nimefanya jambo kubwa. Nilifunga mlango wa ghala, nikaenda nyumbani, nikala, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi.

Juzi ulikuja kwangu na gitaa lako mgongoni, ukaniambia kwa furaha kwamba bendi yenu imepata nafasi ya kupiga Pemba, mji wetu na si kile kisiwa, na kwamba mnataka kumwacha mpiga ngoma wenu. Ulisema anachelewa mazoezini, tena anapiga polepole kuliko mnavyotaka. Ukaniuliza kama mimi, niliyewahi kuwa na bendi, naona ubaya wowote. Sikukujibu. Nilikupa chai, nikakuuliza hali ya mama yako, mdogo wangu, nawe ukaondoka ukidhani nimezeeka au sikusikia vizuri. Nilisikia. Jibu langu ni hili ninaloliandika, nalo ni refu, kwa kuwa kila nilipojaribu kulifupisha nilijikuta ninadanganya.

Bendi yetu iliitwa Majirani. Tulijiita hivyo kwa sababu ndivyo tulivyokuwa: nyumba zetu nne zilipakana pale Msufini, kijiji chetu kilichokuwa ng'ambo ya ghuba ya Tungue ukitokea mji wa Palma. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Nampula, nikapewa darasa la nne katika shule ya kijiji. Nyuma ya shule kulikuwa na ghala la zamani la mbata, ambalo kwa miaka mingi halikuwa limeona hata gunia moja, lakini harufu ya nazi iliyokaushwa haikuwahi kutoka kwenye kuta zake. Humo ndimo tulimofanyia mazoezi, kila siku baada ya sala ya alasiri hadi jua linapokaribia kuzama.

Sualehe, fundi wa redio, ndiye aliyeianzisha bendi. Gitaa lake la kwanza alilichonga mwenyewe, na nyuzi zake zilikuwa nyaya za breki za baiskeli, mpaka wafanyabiashara wa Mtwara walipoanza kutuletea nyuzi za kweli. Momadi alipiga besi. Anlawi alipiga ngoma, na moja ya ngoma zake aliiwamba kwa picha ya eksirei aliyopewa hospitali, hivyo mwanga ulipoingia dirishani tuliziona mbavu za mtu tusiyemjua zikitikisika kwa kila pigo. Mimi niliimba na kutunga maneno. Hatukuwa na mfadhili wala meneja. Hakuna aliyetuambia tupige nini. Muziki wetu ulikuwa wa magitaa yenye kelele na hasira kidogo, na wazee walilalamika, kisha walituma watoto waje kuuliza tutapiga tena lini.

Sasa sikiliza jambo hili vizuri, maana ndilo msingi wa yote. Tulikuwa na desturi tuliyoiita kukalishana. Hatukuibuni sisi. Tuliipata kwa Bi Muamina, mama yake Sualehe, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha tufo, ngoma ya matari ya wanawake wa Msufini. Katika kikundi chake mwanamke hakutoka kwenye safu ya wachezaji kabla hajamkalisha mwingine. Yule anayeingia alikaa kushotoni kwa anayetoka kwa muda wa mwezi mzima, tangu mwandamo hadi mwandamo, wakipiga tari moja, wakiimba sauti moja. Siku ya mwisho, katikati ya wimbo, mbele ya watu, anayetoka alinyamaza na anayeingia akaendelea. Wasikilizaji wasipogundua, kazi ilikuwa imekamilika. Wakigundua, walirudi kukaa mwezi mwingine.

"Sauti si ya mtu mmoja," Bi Muamina alituambia tulipomwomba atufundishe. "Umeiazima. Ukiondoka, mwonyeshe mwenzako ulipoiweka."

Na tulikuwa na wimbo mmoja uliofanya desturi hiyo iwe ya lazima. Tuliuita Wimbo wa Msufini. Mimi niliimba kiitikio tu. Beti aliziimba Sualehe, naye ndiye aliyezitunga. Kila nyumba ya kijiji ilikuwa na ubeti wake: kisima chake, mti wake, marehemu wake, mtoto wake wa karibuni. Mtoto alipozaliwa, Sualehe aliongeza mstari. Mtu alipofariki, aliubadilisha mstari baada ya arobaini. Kuupiga wote kulichukua karibu saa nzima. Watu walikaa chini kwa mpangilio wa nyumba zao, kila mmoja akisubiri wake. Tena kulikuwa na mwiko: isipokuwa Sualehe, aliyeziimba zote, mtu haimbi ubeti wa nyumba yake mwenyewe. Huimbiwa. Kuuimba mwenyewe kulionekana kama kujipigia makofi. Kwa hiyo kila mmoja wetu aliujua nusunusu ubeti wa jirani, na wa kwake aliusikia tu, akainamisha kichwa.

Kisha gesi ikaonekana chini ya bahari yetu.

Wewe ulizaliwa habari hizo zikiwa tayari za zamani, kwa hiyo huwezi kujua zilivyoingia. Hazikuingia kwa kishindo. Ziliingia kwa mtu mmoja kuvaa buti jipya. Mtu huyo alikuwa Momadi. Alikuja mazoezini na buti za usalama zenye chuma mbele, akatuambia ameajiriwa kulinda kambi ya watafiti.

Sualehe alimpa mkono, akamuuliza jambo moja tu. "Unamkalisha nani?"

Momadi alimleta Tito, kijana wa Kimakonde aliyeshuka kutoka Mueda kutafuta kazi hiyohiyo na akaikosa. Alikuwa mrefu mno, magoti yake yaligusa besi kila alipokaa.

"Wewe, hilo ni besi, si jembe," Anlawi alimwambia siku ya kwanza. "Lishike kama kitoto."

"Kitoto chenu ndivyo kinavyolia?" Tito akajibu. "Kwetu Mueda tungekwisha kukipeleka kwa mganga."

Walicheka mpaka Momadi akasahau alipofika, ikabidi waanze upya. Kwa mwezi mzima Momadi alikuja akitoka zamu, macho mekundu kwa usingizi, akakaa kuliani kwa Tito na buti zake zile. Siku ya mwisho ilikuwa arusi ya binti wa fundi wa mashua. Katikati ya Wimbo wa Msufini, Momadi aliinua mkono wake kutoka kwenye nyuzi taratibu, kama mtu anayeinuka bila kumwamsha mgonjwa. Tito akaendelea. Hakuna aliyegeuka isipokuwa Bi Muamina, aliyekaa mbali kwa wanawake, akainua kidole kimoja hewani na kukishusha.

"Ilikuwa kwenye ubeti wa nyumba ya Fundi Issa," alituambia baadaye. "Mkono ulibadilika hapo. Lakini haukuanguka."

Ningependa kukuambia kwamba tuliendelea hivyo. Hatukuendelea. Miezi michache baadaye Anlawi alipata kazi ya kuendesha lori, naye hakuwa na mwezi wa kutoa.

"Shefe wa kampuni anataka dereva Jumatatu," alisema.

"Jumatatu ya mwezi gani?" Sualehe akauliza.

Anlawi alicheka, lakini Jumatatu ile ile hakuonekana. Alikuwa hajamkalisha mtu. Mimi, kwa kuwa tulikuwa na mwaliko wa kupiga Palma, niliazima kinanda cha umeme chenye midundo ya ngoma ndani yake. Kilibonyezwa kitufe, kikapiga bila kuchoka, bila kuchelewa na bila kumsubiri mtu. Bi Muamina alikuja kututazama, akakizunguka kile kinanda kama anayekagua mbuzi wa kununua.

"Na hiki mlikikalisha vipi?" akauliza.

Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Nilikuwa msomi wa bendi, mwanangu, na niliamini kwamba desturi ni nzuri pale wakati unaporuhusu. Nilikuwa pia na tamaa, na sitaificha. Niliona wageni wakijaa Palma, hoteli zikijengwa, nikawaza kwamba sauti yangu haikuumbwa iishie kwenye ghala la mbata.

Mwaliko ulioniharibu ulitoka kwa kampuni moja ndogo ya ujenzi, ambayo sasa haipo tena. Walikuwa wanazindua kambi yao na walitaka bendi ya vijana wa hapa. Mtu wao wa itifaki alikuwa mpole na mwenye adabu; sina la kumlaumu. Alisikia sifa za Wimbo wa Msufini, akauomba, akasema tu kwamba ratiba yao ingeturuhusu dakika nne.

Nililipeleka jambo hilo kwa Sualehe nikiwa nimekwisha kukubali.

"Dakika nne," alirudia. Alikuwa amefungua redio ya mtu mezani, hakuinua macho. "Haya, dada Zaituni, wewe ndiye mwenye elimu. Familia ipi niikate?"

"Hatukati familia, Sualehe. Tunachukua beti mbili za mfano."

"Mfano wa nani?"

"Wageni hawatajua tofauti."

"Wageni hawatajua," alikubali. "Je, Fundi Issa atakuwa hapo? Mama yangu atakuwa hapo?"

"Watakuwa hapo kutupigia makofi! Kwani wewe unataka tufie hapa? Momadi ameondoka, Anlawi ameondoka, kesho Tito ataondoka. Unabaki na nani?"

Ndipo alipoinua macho. "Ninabaki na wimbo," akasema. "Dakika nne sipigi. Ukiniletea saa moja, nitapiga hata mbele ya mfalme."

Ningeweza kurudi kwa yule mtu wa itifaki nikamwomba apokee wimbo mwingine. Tulikuwa na nyimbo zaidi ya thelathini. Wazo hilo halikunijia, au lilinijia nikalifukuza. Badala yake nilimpigia simu Edsoni, kijana wa Pemba aliyesomea muziki, mwenye gitaa jekundu na vifaa vya kukanyaga kwa mguu vilivyoweza kulifanya gitaa lilie kama king'ora au kama kanisa. Alikuja kwa basi siku ya pili. Nilimwimbia kiitikio, nikamwimbia beti mbili nilizozikumbuka vizuri, wa nyumba ya shekhe na wa kisima cha msikiti. Alizishika kwa alasiri moja. Alikuwa na kipaji, sitamnyima haki yake. Na alikaa kwenye kiti cha Sualehe, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na soketi ya umeme.

Hapo ndipo Sualehe alipotokea mlangoni.

Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Alikuja mazoezini kama kila siku, gitaa lake begani, akamkuta mtu kwenye kiti chake akipiga wimbo wake. Hakuingia. Alisimama kizingitini hadi tulipomaliza, dakika nne kamili, kisha akamsalimu Edsoni kwa heshima na kumuuliza kwa Kireno, ili aelewe vizuri, ni nani aliyemkalisha.

"Profesora," Edsoni akajibu, yaani mwalimu, akinionyesha kwa kidevu, akidhani anaulizwa ni nani aliyemwita.

Sualehe alinitazama. Nilisubiri atukane. Nilikuwa nimeandaa majibu yangu yote, mazuri na ya kisomi. Aliinama tu, akaokota waya wake wa kipaza sauti uliokuwa sakafuni, akauviringisha taratibu kwenye kiwiko, akaondoka. Wiki ile ile akahamia Mucojo, kusini, kwa mjomba wake, akafungua kibanda cha kutengeneza redio. Nilifunga mlango wa ghala, nikaenda nyumbani, nikala, nikasahihisha madaftari.

Tulifanikiwa, mwanangu, na ndiyo maana nakuandikia kwa woga, kwa sababu najua mafanikio hayo ndiyo unayoyatamani. Tulipiga Palma, tukapiga Pemba, tukaingia studio tukaurekodi Wimbo wa Msufini wa dakika nne. Vijana walioupenda hawakujua Msufini iko wapi. Hata leo ukipita sokoni kwa wauza kadi za simu unaweza kuusikia. Mimi nikiusikia hubadilisha njia.

Baada ya hapo walikuja watu wenye ramani na kalamu, wakahesabu miti na makaburi, na tukajulishwa kwamba Msufini itahamishwa kupisha mitambo ya gesi. Familia nyingi zingepelekwa kijiji kipya cha Quitunda, kwenye nyumba za matofali. Mambo hayo yalichukua muda mrefu, mikutano juu ya mikutano. Katika muda huo Bi Muamina alinifuata shuleni. Alisubiri nje ya darasa mpaka kengele ilipolia.

"Binti yangu," aliniambia, "siku ya kuondoka tunataka wimbo wetu upigwe wote, mara ya mwisho, hapa ulipozaliwa. Nenda Mucojo ukamlete mwenzio."

"Mwite wewe, mama. Wewe ndiye mzazi."

"Mimi sikumtoa kwenye kiti."

Niliahidi. Barabara ilikuwa wazi wakati ule, safari ya siku moja tu. Lakini kulikuwa na onyesho Pemba, kisha mitihani ya shule, kisha onyesho jingine. Mwishowe niliandika barua, nikampa dereva wa gari la abiria aipeleke. Ilikuwa barua nzuri, yenye Kiswahili fasaha, nayo haikuwa na neno la kuomba radhi hata moja. Dereva alirudi na jibu la mdomo. Alilitoa mbele ya abiria wake, akicheka, maana hakujua uzito wake.

"Amesema: mwambie profesora, njia iliyopitisha barua yake inapitisha na watu."

Nikakasirika! Nikajiambia kwamba ana kiburi. Nikajiambia nitakwenda wiki ijayo. Kabla wiki ijayo nyingi hazijapita, vijiji vya kusini vikaanza kuchomwa na waasi wenye silaha, na barabara ile ikawa barabara ambayo mtu hapiti ila anapokimbia.

Siku ya kuhama ilifika asubuhi yenye manyunyu. Malori yalikuwa yamepangwa kando ya shule. Watu walikuwa wamefunga magodoro, milango, hata mabati ya paa, na kuku waliofungwa miguu. Lakini kabla ya kupakia walikaa chini uwanjani, kwa mpangilio wa nyumba zao, nyumba ya shekhe kwanza, kisha ya Fundi Issa, kisha yetu, kisha ya Bi Muamina, mpaka ya mwisho kando ya mikoko. Hakuna aliyewaamuru. Walikaa tu, na watoto wakakalishwa magotini.

Tukapiga. Kiitikio, ubeti wa shekhe, ubeti wa kisima cha msikiti, gitaa jekundu la Edsoni likalia peke yake kwa muda, kiitikio tena, mwisho. Kinanda kilibonyezwa, kikanyamaza.

Watu hawakuinuka. Walidhani tunapumzika. Nyumba ya shekhe waliinamisha vichwa, walikuwa wamepata wao. Wengine wote walikuwa wakitutazama, vichwa juu, wakisubiri. Fundi Issa, aliyekuwa mzee sana siku hizo, akatuambia kwa upole, "Endeleeni, wanangu. Tunasikiliza."

"Wanataka nini?" Edsoni aliniuliza kwa Kireno. Akadhani wanataka gitaa, akapiga tena kile kipande chake cha peke yake, kirefu zaidi kuliko mwanzo. Tito aliacha besi yake, akaweka mikono magotini. Yeye alijua.

Mtu wa malori akapiga honi, si kwa ubaya. Mvua ilikuwa inakuja na alikuwa na safari mbili. Watu wakainuka mmojammoja, bila mpangilio wowote, nyumba zikachanganyika, na ndivyo Msufini ilivyoondoka.

Nilikaa Palma, nilikohamia mimi, wiki nzima kabla ya kupata ujasiri wa kwenda Quitunda. Nilimkuta Bi Muamina akifagia sakafu ya saruji ambayo haikuwa na vumbi. Nilipiga magoti, nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa sababu nilimfukuza mwanawe.

"Mwanangu hukumfukuza," alisema, akiendelea kufagia. "Mwanangu ana miguu na ana kazi ya mikono, anaishi. Ulitufukuza sisi. Malori yalikuja baadaye." Kisha akaweka ufagio chini, akaniinua. "Ukimpata, mwambie nina ubeti wangu kwake. Nauhitaji."

Sijapata kupigwa, mwanangu, lakini nadhani naijua hali ya mtu aliyepigwa.

Bendi haikuishi baada ya hapo. Edsoni alipata kundi Maputo. Alinitumia ujumbe wa simu wenye mistari miwili. Hakumkalisha mtu, na nilikuwa na haki gani ya kudai? Tito alirudi Mueda. Majirani walibaki mimi na kinanda cha kuazima.

Kisha Mucojo ikachomwa. Waliokimbia kutoka kule walisema kibanda cha redio kiliteketea, lakini fundi hawakumwona, si kwa walio hai wala kwa waliozikwa. Hilo ndilo jibu la mwisho nililolipata kuhusu Sualehe, na mpaka leo sijapata jingine. Vita vilipofika Palma nasi tukakimbia, wengine kwa miguu kwenda Quitunda, wengine kuvuka Rovuma, wengine kwa mashua kwenda kusini. Majirani waliojuana beti zao nusunusu walitawanyika. Nimejaribu kuzikusanya. Nimepiga simu Mtwara, nimekwenda Nampula, nimeketi na watu nikiwauliza jirani yako aliimbiwaje. Nimepata beti kumi na moja, na nyingi kati ya hizo zina matundu. Ubeti wa nyumba yetu sikuupata. Aliyeujua vizuri alikuwa Bi Muamina, na nilipomwona tena hakuwa na nguvu za kuniimbia.

Nilimkuta asubuhi moja katika kambi ya waliohama, nje ya Pemba, amelala kwenye mkeka chini ya turubai, amekonda hivi kwamba nilimtambua kwa vidole tu. Mjukuu wake alimwambia, "Bibi, profesora amekuja."

"Zaituni wa nyumba ya tatu," alisema. Hakufungua macho. "Wewe ni jirani yangu. Niimbie ubeti wangu."

Ubeti wake ulikuwa wa Zena, binti yake mdogo, aliyefariki kwa surua akiwa na miaka saba, kabla bendi haijazaliwa. Sualehe aliutunga kwa ajili ya dada yake. Niliusikia pengine mara mia, nikiwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwa mwimbaji, nikisubiri zamu ya kiitikio changu, nikifikiria sauti yangu itakavyotoka. Nilitafuta kichwani. Nilipata mstari wa mwisho.

"Nina mwisho wake tu, mama," nilimwambia. "Mwanzo sina."

Nje mtu alikuwa akisukuma pampu ya maji, chuma kikilia.

"Basi anzia hapo ulipo," akasema.

Nikauimba. *Na hatua zake ndogo zingali zinakwenda kisimani.* Nilipomaliza aliinua kidole kimoja, nikaelewa, nikauimba tena. Nikauimba mara nyingi, mstari ule mmoja, hadi sauti ikanikauka, naye akiinamisha kichwa kidogo kila mara, kama alivyokuwa akifanya uwanjani kwetu. Alifariki siku ya tatu yake. Alikwenda na mstari mmoja kati ya minane.

Sasa nikujibu, mwanangu, nawe upime mwenyewe.

Sikwambii kwamba watu wasiondoke. Bendi ni watu, na watu huoa, huajiriwa, hugombana, huugua, huchoka. Momadi aliondoka na hakuna kilichovunjika. Wala sikwambii kwamba Pemba ni pabaya, au kwamba kazi za gesi ni haramu, au kwamba dakika nne hazitoshi kwa wimbo mzuri. Ninachokwambia ni kwamba mtu anapokaa kwenye kiti chake kwa muda mrefu, anashika vitu ambavyo wewe huvioni kwa sababu yeye ndiye aliyevishika. Huyo mpiga ngoma wenu anayepiga polepole, umewahi kumuuliza anamsubiri nani? Huenda anajua mahali katika nyimbo zenu ambapo watu huvuta pumzi. Huenda hajui lolote, ni mvivu tu. Lakini hutalijua hilo kwa kumkuta mtu mwingine amekaa pale siku moja alasiri.

Mfuate mwenyewe. Usimtumie ujumbe, usimwandikie barua nzuri. Ubishe hodi kwake, ukae, umwambie mnavyofikiri, umsikilize anavyojibu. Akikubali kuondoka, akae mwezi na atakayeingia. Mkikosa mwezi, hata wiki. Akikataa kuukata wimbo wenu, muulize ni nani atakayekatwa, na usiondoke hapo kabla hujasikia majina. Na kama umekwisha kumkosea, nenda wakati barabara iko wazi. Mimi nilidhani barabara ni kitu cha kudumu.

Nimekuandalia daftari lenye zile beti kumi na moja. Utalikuta kwa mama yako. Nimeacha kurasa nyeupe pale palipo na matundu, na ukurasa mmoja mzima kabla ya mstari ule wa Zena. Sitaki uzijaze kwa maneno yako, hata kama ni matamu. Nataka ukikutana na mtu wa Msufini, popote utakapopiga, umuulize jirani yake aliimbiwaje, na ukaandike.

Mwenyezi Mungu aulinde mkono wako na sikio lako. Akujaalie wenzako wa kukaa nao kuliani na kushotoni, na siku yako ya kunyamaza itakapofika, awepo aliyekwisha kukaa karibu nawe muda wa kutosha, ili wimbo usianguke. Nenda sasa, kabla ya magharibi. Nyumba ya mpiga ngoma wenu si mbali.